Bahari Ikirudi Ghafla: Tuitambueje Tsunami?

Ndugu msomaji, huenda unashangaa kuliona neno tsunami katika ukurasa wa afya, mahali ulipozoea kusoma habari za malaria, kisukari na chanjo za watoto. Sababu ni hii: magonjwa mengi tunayoyaeleza hapa yana dawa, na mgonjwa akichelewa siku moja mara nyingi bado tunaweza kumsaidia. Tsunami haina dawa. Aliyekumbwa nayo kwa kawaida hafiki hospitalini kabisa. Kinga yake ni kuitambua kabla haijafika na kuondoka mahali ulipo. Kinga hiyo haiuzwi dukani, wala haihitaji daktari. Hata mtoto wa miaka 10 anaweza kuwa nayo, kama tutakavyoona mbele.

Somo hili linatuhusu sisi tunaoishi pwani kuliko wengi wanavyodhani. Jumapili tarehe 26 Desemba 2004, siku moja baada ya Krismasi, tetemeko kubwa lilitokea chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia. Watu wapatao 228,000 walipoteza maisha katika nchi 14. Wengi wao walikuwa Indonesia, Sri Lanka, India na Thailand, lakini maji yale yale yaliivuka Bahari ya Hindi nzima. Somalia walikufa watu karibu 300, hasa kwenye rasi ya Hafun. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, wengi wao vijana na watoto waliokuwa wakiogelea Dar es Salaam. Kenya alikufa mtu mmoja.

Hapa tujiulize jambo moja. Tetemeko lile lilitokea saa 10 alfajiri kwa saa zetu. Maji yalifika kwetu mchana. Zilipita zaidi ya saa 7, na bado kuna watoto waliokuwa ndani ya maji. Kenya taarifa za redio na televisheni ziliwahi kufika, na watu wakaondolewa kwenye fukwe za Mombasa. Tofauti kati ya aliyepona na asiyepona ilikuwa habari tu.

Tsunami ni nini?

Neno lenyewe ni la Kijapani. Tsu maana yake ni bandari, na nami ni wimbi. Inasemekana wavuvi wa Japani waliokuwa mbali baharini hawakuona jambo lolote la ajabu, lakini waliporudi jioni walikuta bandari yao imesombwa. Mwishoni mwa sehemu hii utaelewa jinsi jambo hilo linavyowezekana.

Ganda la dunia yetu si kipande kimoja. Limegawanyika katika vipande vikubwa vya miamba ambavyo wataalamu huviita mabamba. Mabamba haya husogea polepole mno, sentimita chache kwa mwaka, karibu sawa na ukucha unavyoota. Mahali pengine bamba moja hujipenyeza chini ya jingine. Ndivyo ilivyo magharibi ya Sumatra, ambako bamba linalobeba sakafu ya Bahari ya Hindi huzama chini ya lile linalobeba visiwa vya Indonesia. Miamba hiyo hukwama. Bamba la juu huvutwa na kupinda mwaka hadi mwaka, kama rula ya plastiki ya mwanafunzi inayopindwa kwa vidole. Siku miamba iliyokwama inapoachia, ukingo wa bamba la juu hufyatuka. Mwaka 2004 ufa huo uliachia kwa urefu wa kilometa zipatazo 1,300, yaani zaidi ya safari ya barabara kutoka Tanga hadi Mtwara, na sakafu ya bahari ikainuka kwa mita kadhaa.

Maji yaliyokuwa juu ya sakafu hiyo hayakuwa na pa kwenda ila juu. Kisha yakaanguka na kusambaa pande zote. Hiyo ndiyo tsunami.

Wengi hudhani ni wimbi la kawaida, ila kubwa zaidi. Sivyo. Ukipuliza chai ya moto kikombeni, uso wa chai hutikisika lakini chini kumetulia. Hayo ni mawimbi ya upepo tunayoyaona kila siku. Sasa jaza maji katika beseni pana, weka kiganja chini kabisa, halafu kiinue ghafla. Maji yote, tangu chini hadi juu, husogea na kumwagika pembeni. Wakatekista na walimu wa shule za msingi wanaweza kulifanya jaribio hili uani na watoto. Halina gharama, na mtoto aliyeloweshwa nguo halisahau.

Penye kilindi cha mita 4,000, tsunami husafiri kilometa zipatazo 700 kwa saa, mwendo unaokaribia ule wa ndege ya abiria. Lakini huko kilindini kimo chake hakifiki hata mita moja. Saa mbili baada ya tetemeko la 2004, setilaiti iliyokuwa ikipita juu ya Bahari ya Hindi ilipima mwinuko wa sentimita 60 hivi tu. Mwinuko huo huchukua dakika nyingi kupita, kwa hiyo mvuvi aliye ndani ya jahazi hainuliwi kwa namna ya kumshtua.

Maji yanapofika penye kina kifupi mwendo hupungua. Penye kina cha mita 10 tsunami huenda kilometa zipatazo 36 kwa saa. Fikiria msururu wa malori yanayokaribia kituo cha mizani: ya mbele yanapopunguza mwendo, ya nyuma bado yanakuja kwa kasi, na mwisho yote yanabanana. Ndivyo maji ya nyuma yanavyoyafikia ya mbele na kupanda juu yake. Kwenye pwani ya magharibi ya Aceh, kaskazini mwa Sumatra, maji yalipanda zaidi ya mita 30 mahali pengine, na minazi mirefu ikafunikwa.

Tena tsunami mara nyingi haiji kwa kujikunja kama wimbi la picha. Huja kama bahari inayojaa na kukataa kusimama, au kama mto uliofurika. Ndiyo maana watu huidharau. Maji yanayofika magotini, yakiwa na mwendo huo, humwangusha mtu mzima; na ndani yake mna mabati, mbao zenye misumari, vioo na magari.

Je, kila tetemeko huleta tsunami? Hapana. Tarehe 11 Aprili 2012 palitokea tetemeko la kipimo cha 8.6 katika bahari ile ile ya Sumatra, na tahadhari ikatolewa kwa nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi. Lakini safari ile miamba ilisuguana kwa kwenda ubavuni, haikuinua sakafu ya bahari kama mwaka 2004, na maji yaliyotikisika yalikuwa machache. Watu wengine walinung'unika kuwa wamekimbizwa bure. Mimi nasema aheri kukimbizwa bure mara kumi.

Kwa upande mwingine, tsunami inaweza kuja bila tetemeko ambalo mtu angelitambua. Volkano ya Krakatau, Indonesia, ilipolipuka mwaka 1883, maji yaliua watu zaidi ya 36,000. Tarehe 22 Desemba 2018 usiku, ubavu wa volkano changa iliyoota mahali pale pale uliporomoka baharini. Watu zaidi ya 400 walikufa pwani, na baadhi yao walikuwa kwenye burudani jukwaani wakati maji yalipowajia kutoka nyuma. Maporomoko ya ardhi chini ya bahari nayo yaweza kufanya hivyo. Upepo, mvua na mwezi havileti tsunami, kwa hiyo tusiichanganye na kimbunga wala na maji ya bamvua.

Dalili zake

Muuguzi huzoea kuuliza dalili. Kwa tsunami mwili wako wenyewe ndio kipimo: miguu, macho na masikio.

Miguu huhisi tetemeko. Kama uko pwani na ardhi ikatikisika kwa nguvu hata ukashindwa kusimama, au ikatikisika pole pole lakini kwa muda mrefu, kiasi cha sekunde 20 au zaidi, usingoje tangazo. Likikoma tu, ondoka kuelekea juu. Masikio husikia mngurumo kutoka baharini, ambao waliopona huufananisha na treni au ndege iliyo karibu. Lakini ukishausikia mngurumo, muda uliobaki ni mfupi sana.

Dalili ya macho ndiyo ninayotaka tukae nayo, kwa sababu ndiyo iliyowaua wengi.

Mtu wa pwani hafundishwi habari za kupwa na kujaa. Kina mama wa mwani na wale wanaochokoa pweza wanajua saa ya kushuka na saa ya kupanda kuliko kalenda. Wakati wa bamvua maji huenda mbali sana, nao hutembea juu ya mwamba hadi karibu na mkondo. Kwa hiyo tukiwaambia kina mama hawa, "Bahari ikirudi nyuma, kimbieni", watatucheka, na watakuwa na haki. Bahari hurudi kila siku.

Tofauti iko kwenye muda. Maji ya kawaida huchukua kama saa 6 kupwa. Huondoka kwa adabu, na kesho yake hupwa kwa kuchelewa kama dakika 50. Maji ya tsunami huondoka kwa dakika chache tu, na huondoka wakati ambao si wake. Ngalawa iliyokuwa ikielea hulala ubavu papo hapo. Samaki hubaki wakirukaruka juu ya mchanga. Miamba ambayo hata wazee hawajapata kuiona hutokeza. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: je, hii ndiyo saa yake? Kama bahari imekupwa na wewe unajua kuwa ilipaswa kuwa inajaa, acha kapu, acha kamba za mwani, acha hata ndoano. Maji yaliyoondoka ni nusu ya kwanza ya wimbi. Nusu ya pili iko njiani, na yaweza kufika baada ya dakika tano, kumi au zaidi kidogo. Mwaka 2004, huko Thailand na kwingineko, watu walishuka kwenye mchanga uliobaki wazi kutazama ajabu hiyo na kuokota samaki.

Hata hivyo, si kila tsunami huanza kwa maji kurudi. Hili nalo tulishike, maana vitabu vingi hulisahau. Mwaka 2004 sakafu ya bahari ilizama upande wa mashariki wa ufa na kuinuka upande wa magharibi. Kwa hiyo Thailand na Sumatra waliona bahari ikirudi kwanza, lakini Sri Lanka, India na huku kwetu maji yalianza kwa kupanda. Baadaye yakashuka, yakapanda tena, yakashuka, mara nyingi mchana ule. Basi bahari inayojaa ghafla wakati si wake, au inayopanda na kushuka mara kadhaa ndani ya saa moja, au inayotoa povu na kuzungukazunguka penye utulivu, nayo ni dalili. Mwaka ule tulisaidiwa na umbali, na pia maji yalifika wakati bahari haijajaa. Siku nyingine yaweza kufika wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa hadi ukutani.

Walioijua na walioirudia

Kisiwa cha Simeulue kiko karibu sana na mahali lilipotokea tetemeko lile. Maji yalikifikia kwa dakika zisizozidi 10 hivi. Hakuna redio ambayo ingewahi. Kisiwa hicho kilikuwa na watu wapatao 78,000, na waliokufa walikuwa 7. Sababu ni kwamba mwaka 1907 kisiwa hicho kilipigwa na tsunami iliyoua wengi, na waliosalia wakawasimulia watoto wao, na watoto wakawasimulia wajukuu. Wana neno lao, smong. Bibi anamwimbia mtoto: ardhi ikitikisika sana, bahari ikarudi, kimbilia mlimani. Mwaka 2004 mtu mmoja alipopiga kelele "Smong!", hakuna aliyeuliza maana yake. Wakati huo huo bara Aceh, ambako neno hilo halikujulikana, walikufa watu zaidi ya 160,000.

Yule mtoto niliyemtaja mwanzoni ni Tilly Smith wa Uingereza. Alikuwa na miaka 10, yuko na wazazi wake ufukweni Mai Khao, kisiwa cha Phuket, Thailand. Wiki mbili kabla ya hapo mwalimu wake wa jiografia, Andrew Kearney, alikuwa amewafundisha habari za tsunami darasani. Asubuhi ile Tilly aliona maji yakitoa povu na kupanda bila kurudi, akaanza kuwapigia wazazi kelele kwamba tsunami inakuja. Baba yake hakumnyamazisha. Alimweleza mlinzi wa hoteli, na watu wapatao 100 wakaondolewa ufukweni. Hapakufa mtu pale. Nawasifu wote wawili: mtoto aliyesema, na mzazi aliyesikiliza. Katika nyumba zetu mara nyingi mtoto huambiwa, "Wakubwa wanaongea, nyamaza."

Sasa tuwaangalie waliorudi. Tsunami ni msururu wa mawimbi, si wimbi moja. Kati ya moja na jingine zaweza kupita dakika 10, au hata saa nzima, na la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote. Tarehe 22 Mei 1960 tetemeko la kipimo cha 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, lilitokea Chile. Maji yalivuka Bahari ya Pasifiki, na saa kama 15 baadaye yakaufikia mji wa Hilo, visiwa vya Hawaii. Ving'ora vilikuwa vimelia mapema jioni. Lakini wengine walibaki kungojea waone, na wengine walipoona mawimbi ya kwanza ni madogo wakarudi majumbani. Wimbi la tatu, usiku wa manane, liliua watu 61. Wagonjwa wetu wa kifua kikuu huacha dawa wanapopata nafuu kidogo. Ni tabia ile ile.

Sisi wa Afrika Mashariki

Kwetu kuna tatizo la pekee. Ufa wa Sumatra uko mbali mno hata miguu yetu haiwezi kuuhisi. Dalili ya kwanza, yaani tetemeko, hatutaipata. Tutabakiwa na macho, na taarifa.

Wapo wanaosema mambo haya ni ya Asia na kwamba ile ya 2004 ilikuwa bahati mbaya ya mara moja. Mwaka 2020 wanasayansi, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitangaza waliyoyakuta karibu na mdomo wa mto Pangani. Chini ya ardhi palikuwa na tabaka la mchanga ulioletwa na bahari, na ndani yake mifupa ya watu wa kijiji cha wavuvi cha miaka 1,000 hivi iliyopita. Mifupa hiyo haikuonyesha alama za vita wala ugonjwa. Walihitimisha kwamba watu hao waliuawa na tsunami iliyovuka bahari kutoka upande wa Sumatra.

Pia kuna ufa mwingine ulio karibu zaidi kuliko ule wa Sumatra. Uko Makran, pwani ya Pakistan na Iran, kaskazini mwa bahari yetu. Tarehe 28 Novemba 1945 tetemeko la kipimo cha 8.1 hivi lilitokea huko na kuleta tsunami iliyoua watu Pakistan na India, na kuifikia Oman. Wenye ndugu Muscat na Sur wanaweza kuwauliza wazee wao. Kutoka huko maji yangetufikia kwa saa chache kuliko yale ya 2004.

Habari njema ni kwamba tangu wakati ule pamejengwa mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi chini ya UNESCO. Vituo vya Australia, India na Indonesia hupima matetemeko na kimo cha bahari mchana na usiku, kisha hutuma taarifa kwa kila nchi. Tanzania anayezipokea na kuzitangaza ni Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Kenya ni Idara ya Hali ya Hewa. Basi sikilizeni redio na msipuuze tangazo lao. Uvumi wa simu ni kitu kingine. Ujumbe usiosema umetoka wapi, unaotaja "siku tatu zijazo kutakuwa na tsunami", ni uongo, kwa kuwa hakuna mtaalamu awezaye kutabiri siku ya tetemeko. Tahadhari ya kweli hutolewa baada ya tetemeko kutokea, nayo hutaja saa ambayo maji yatafika.

Tufanye nini?

Lengo ni kufika mahali penye kimo cha mita 30 juu ya usawa wa bahari, au kilometa 3 kutoka ufukweni. Vijiji vingi vya pwani yetu ni tambarare, havina kilima. Kwa hiyo tembeeni njia hiyo siku ya kawaida, pamoja na watoto, muone inachukua muda gani. Mtu mzima hutembea kilometa 3 kwa dakika kama 40. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi huhitaji zaidi. Kama hamtawahi, pandeni ghorofa ya tatu au zaidi ya jengo imara la zege. Mnazi ni kimbilio la mwisho kabisa. Msifuate kingo za mto wala mlango wa mikoko, maana maji hupenya humo na kufika mbali kuliko kwingine. Aliye na chombo kwenye kilindi cha zaidi ya mita 100 abaki huko huko, asikimbilie bandarini.

Uchunguzi uliofanywa baada ya 2004 katika baadhi ya vijiji vya Aceh ulionyesha kuwa wanawake waliokufa walikuwa wengi kuliko wanaume, pengine mara tatu au zaidi. Wanaume wengi walikuwa baharini kilindini au mjini. Wanawake walikuwa nyumbani, walibaki nyuma kuwatafuta watoto, na wengi hawakujua kuogelea wala kupanda mti. Kwa hiyo naomba katika kila jumuiya ndogondogo ya pwani swali hili liulizwe mapema: baba akiwa safarini, nani atambeba bibi asiyetembea? Nani atamsaidia mama aliyejifungua juzi? Jina la mtu litajwe. "Tutasaidiana" si jibu.

Kwa waliopona

Mtu aliyetolewa majini hapumui, apewe pumzi mdomo kwa mdomo mara moja, na kifua kibonyezwe. Msimgeuze kichwa chini "kumwaga maji". Ni kupoteza dakika. Aliyemeza maji na matope akaonekana mzima asikae nyumbani, kwa kuwa nimonia yaweza kumjia siku au hata wiki kadhaa baadaye. Aceh waliiona sana, na usaha wake uliwasumbua madaktari.

Majeraha, hata madogo, yaoshwe kwa maji mengi safi na sabuni. Jeraha lililochafuliwa na maji hayo tusilishone siku ile ile; likishonwa, uchafu hufungiwa ndani na kuoza. Tena kuna pepopunda. Katika wiki za baada ya tsunami Aceh ilipata wagonjwa wa pepopunda zaidi ya 100, na karibu mmoja kati ya watano alifariki. Ugonjwa huu huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya jeraha, kwa taya kukaza. Kina mama wengi hupata chanjo yake wakati wa ujauzito. Wanaume wengi wana miaka 30 hawajaigusa. Wavuvi, ulizeni zahanati.

Maiti hazileti kipindupindu kwa sababu tu ya kuwa nyingi. Hofu hiyo huwafanya watu kuzika haraka katika shimo moja bila kuandika majina, na jamaa hubaki miaka wasijue wamzike nani. Wanaozibeba wavae glovu na kunawa kwa sabuni, basi. Kinacholeta kuhara ni maji ya kunywa. Kisima kilichoingiwa na bahari kisinyweke. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi, na mtoto mchanga anayepewa maji ya chumvi huharibikiwa haraka. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha hata kama amefadhaika sana. Maziwa hayakauki kwa hofu. Yanaweza kuchelewa kutoka tu, na mtoto akiendelea kuwekwa titini yatarudi.